Milamula ya Baba

Muleba, 21 Februari 1954

Kwa mdogo wangu Byarugaba,

Pokea salamu za nyumba nzima. Tu wazima, isipokuwa mama, ambaye goti limemvimba tena. Ile dawa ya kuchua uliyomletea Krismasi amempaka mbuzi. Nilipomuuliza akasema mbuzi alikuwa na hali mbaya zaidi. Mbuzi amepona. Mvua imenyesha vizuri, ndizi tunazo, na kanisani tumepata mwinjilisti mpya anayehubiri mpaka watoto wanasinzia na wazee wanawafuata.

Usishangae kwamba nakuandikia Kiswahili. Karani wa mkungu anayetawala kijiji chetu hufungua barua za watu zinazopita mikononi mwake, na Kihaya hukisoma mbio. Kabla hujafika kisimani umeshaulizwa habari zako mwenyewe. Kiswahili humchosha ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo jambo lenyewe nimeliweka ukurasa huu wa pili.

Tangu bei ya kahawa ipande, watu hapa wamepata macho mapya. Mikahawa ambayo juzi walikuwa wanaifungia mbuzi, leo wanaiamkia. Jumatatu walikuja watu watatu wa mtwazi Rweyemamu, yule mwenye damu ya kifalme, wakaingia kibanjani bila hodi, wakaanza kutembea katika kahawa yetu ya upande wa bondeni, wakigusa shina moja moja. Nilipouliza wanatafuta nini, mkubwa wao akasema, "Mama, sehemu hii ni nyarubanja. Ni ya mtwazi, na aikaaye humlipa." Nikamwambia hii ni ardhi ya ukoo tangu babu, na nyarubanja ya mtwazi inaishia kule chini. Akasema, "Inaishia wapi? Haya, nionyeshe milamula."

Nimwonyeshe nini, Byarugaba? Babu alipanda milamula kumi na minne pale mpakani, na hakuna mtu Muleba asiyejua kwamba palipo mlamula ndipo shamba la mtu linapokoma. Na unajua ilivyong'olewa mwaka juzi kwa amri ya serikali, ile uliyokuja kutusomea wewe katika karatasi ya Kiingereza, umesimama mlangoni na kofia yako ya bwana shamba. Nakumbuka baba aliishika karatasi ile, akaigeuza, akakurudishia, akaenda kuchukua jembe. Sasa mtwazi anasema pasipo alama hapana mpaka. Tukitaka kukaa, tukae kama watwarwa wake, tumpelekee sehemu ya mavuno kila msimu na kumpigia magoti. Kaburi la baba liko ndani ya sehemu hiyo anayoitaka. Mama tangu siku ile hali chakula kikaisha.

Shauri litasikilizwa barazani mwezi wa Mei. Nataka kwako kitu kimoja tu: ile karatasi. Ikiwa serikali iliamuru milamula ing'olewe, basi karatasi yenyewe itathibitisha kwamba ilikuwepo. Itume upesi.

Kifurushi cha kahawa ya kutafuna nimempa Saburi, dereva wa lori. Barua ameikataa, anasema barua humletea kesi.

Dada yako,
Alistidia

Rwamishenye, Bukoba, 19 Machi 1954

Dada mpenzi Alistidia,

Barua yako imetumia majuma matatu kwa safari ambayo lori huimaliza nusu siku. Kahawa ya Saburi ilifika siku ya pili, na ilikuwa pungufu, maana Saburi naye hutafuna. Nakushukuru. Mke wangu Jovitha hajambo, watoto wawili wana surua, na jirani yetu Bi Sada ametuletea uji kila asubuhi bila kuombwa. Mwambie mama dawa ile ni ya watu.

Habari ya mtwazi imeniudhi sana. Lakini ni lazima uelewe chanzo chake, dada, ili usidhani mtu huyu ameamka tu na tamaa. Mwaka jana huko Brazili, nchi iliyo ng'ambo ya bahari nyingine kabisa, ilishuka baridi kali, umande ukaganda juu ya majani, na mikahawa isiyohesabika ikafa kwa siku chache. Wamarekani hunywa kahawa asubuhi, mchana na jioni. Walipoona itapungua, wanunuzi wa New York wakaanza kupandishiana bei, London nao wakasikia, Mombasa wakasikia, chama chetu cha ushirika hapa Bukoba kikasikia, na mwisho akasikia Rweyemamu. Zamani sehemu ile ya bondeni haikuwa na faida kwake. Leo kila shina lina thamani. Dunia siku hizi imeshikana namna hiyo: mtu wa Muleba hupata au hukosa kwa sababu ya hali ya hewa ya mahali asipopajua.

Kuhusu karatasi, nitaitafuta. Ofisini tuna kazi nyingi.

Wasalimu wote. Mama asinyanyue mikungu mizito ya ndizi.

Mdogo wako,
Byarugaba

Muleba, 2 Aprili 1954

Kwa Byarugaba,

Pole kwa surua. Wafunike watoto macho na mwanga mkali. Mama anakula kidogo. Ng'ombe wa jirani yetu Immakulata amezaa.

Nimesoma habari za Brazili, na mama nimemsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama hao watu wa Brazili nao wana watwazi. Nikamwambia sijui, mwanao msomi ndiye ajuaye. Nilikuomba karatasi moja, ukaniletea bahari mbili.

Karatasi, Byarugaba.

Alistidia

Rwamishenye, 30 Aprili 1954

Dada mpenzi,

Watoto wamepona, namshukuru Mungu. Jovitha amemtumia mama sabuni mbili na shuka. Bi Sada amekwenda kumuuguza mwanawe Muharami, mfanyabiashara wa samaki, aliyeumwa homa kisiwani Goziba.

Swali la mama ni kubwa kuliko alivyodhani, nami nimelifikiria usiku na mchana. Tatizo letu si Rweyemamu, ni namna tunavyotawaliwa. Mwingereza hana watu wa kutosha wa kukaa katika kila kijiji, kwa hiyo anatawala kupitia kwa mkama, mfalme wetu, mkama naye kupitia kwa watwazi na wakungu. Kwake ni utawala wa bei nafuu. Lakini mtu wa chini kabisa, anayeshika jembe, hana wa kumsemea, maana anayemdai ndiye jamaa wa anayemhukumu. Penye utawala wa namna hiyo watu hawapandi mti wa miaka arobaini. Hupanda maharage, wayavune kabla hawajafukuzwa. Nimesoma kwamba kuna nchi ambamo mkulima mdogo ana hati ya shamba lake, na baraza la kuchagua mwenyewe. Huko kahawa ikipanda bei, anajenga nyumba ya bati na kupeleka watoto shule. Kwetu kahawa ikipanda bei, mkulima anaanza kuogopa. Ile baridi ya Brazili ni moja, lakini imeleta neema huko na vita vya mipaka huku.

Nimekuwekea na kijitabu cha kilimo bora, kimeandikwa kwa Kiswahili rahisi.

Karatasi bado. Kabati la ofisi liliingiwa na mchwa mwaka jana, na majalada mengi yameharibika.

Byarugaba

Muleba, 20 Mei 1954

Kwa Byarugaba,

Mama anashukuru kwa sabuni na shuka. Kijitabu nimefungia chumvi.

Ulivyoandika juu ya utawala ni kweli tupu, na imenikasirisha zaidi kuliko kama ungekuwa uongo. Unadhani mimi sijui kwamba hakimu na mdai hula sahani moja? Naishi humo. Ninyi mliosoma mnalijua tatizo mpaka kitovu chake, mnaliandika vizuri kwa wino mweusi, halafu mnatuma kijitabu.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Baraza lilikuja mpaka shambani tarehe kumi na saba. Mzee Karugendo, mkubwa wa wazee wa baraza, alisema mlamula haufi upesi na mizizi yake ni ya rangi ya chungwa, hata ukikatwa itaonekana. Wakaleta majembe. Wakachimba kutoka kwenye ule mti mkubwa wa msambya mpaka kijitoni. Hawakupata hata uzi mmoja wa mizizi. Unakumbuka kwa nini? Wewe ulimwambia baba achimbe chini sana, atoe kila kitu na kukichoma. Naye baba alikuwa mtu wa kutii, akachimba.

Majirani waliitwa. Wote ni watwarwa wa Rweyemamu, na wote wamesahau. Immakulata, ambaye alikuwa anaanika nguo zake juu ya milamula ile, alitazama chini akasema hakumbuki vizuri. Simlaumu, ana watoto sita.

Mimi nikasimama, nikasema serikali iliamuru ing'olewe. Hapo mtwazi akacheka. Akasema, "Serikali iliamuru Muleba nzima, au nyumba moja? Tazameni shamba la jirani, milamula ipo. Tazameni Izimbya, Kamachumu, kila mahali ipo. Amri gani hii iliyomjua mzee mmoja tu?" Watu wakacheka naye. Nami nilisimama pale, Byarugaba, nikajiuliza swali hilohilo.

Wameahirisha mpaka tarehe kumi na mbili Julai. Nikija bila ushahidi, shamba limekwenda.

Sikuulizi tena karatasi iko wapi. Nakuuliza ilisema nini.

Kahawa ya kutafuna safari hii sikutumii.

Alistidia

Muleba, 18 Juni 1954

Kwa Byarugaba,

Mama mzima. Mimi mzima. Saburi anasema alikuona sokoni Bukoba, ukageuka ukapita njia nyingine. Lori lina honi, mdogo wangu, usidhani hakukujua.

Zimebaki siku ishirini na nne.

Alistidia

Rwamishenye, 30 Juni 1954

Dada yangu Alistidia,

Nakusalimu. Watoto hawajambo. Jovitha amenuna siku ya tatu kwa sababu choo kimebomoka na nimekaa tu kitandani natazama dari. Nimemweleza jana sababu, sasa amenuna zaidi, lakini amenipa kalamu na karatasi na kufunga mlango kwa nje. Kwa hiyo nakuandikia.

Hapakuwa na amri.

Mwaka ule wa 1952 tuliambiwa kwamba mzungu wa kilimo atapita kuchagua shamba la mfano, na bwana shamba atakayelionyesha atapandishwa cheo. Nilitaka liwe letu. Nilikwenda na kamba, nikapima mistari ya kahawa, ikanyooka vizuri, isipokuwa upande wa bondeni ambako milamula ya babu ilipinda kufuata kijito na kuingia katikati ya mistari. Nilijua baba hawezi kukubali kuigusa kwa ombi langu. Mimi kwake nilikuwa mtoto. Kwa hiyo nilichukua karatasi niliyokuwa nayo mfukoni, ilikuwa tangazo juu ya meza za kuanikia kahawa, nikasimama mlangoni nikasoma kwa Kiingereza, kisha nikatafsiri nilichotaka mimi. Nilisema serikali imeamuru. Alinitazama kidogo, akaenda.

Nilimsimamia akichimba. Alichimba siku mbili. Nilimwambia achimbe zaidi, mistari ikae safi. Mzungu alikuja akasema vizuri sana, nikapata cheo na baiskeli. Baba alifariki miezi minne baadaye. Sikuweza kumwambia akiwa hai, na sikuweza kumwambia mtu mwingine akiwa amekufa.

Nimekuandikia juu ya Brazili na juu ya Waingereza, na yote ni kweli. Lakini niliyaandika ili niwe na mtu mwingine wa kumlaumu. Baridi ya Brazili haikung'oa mlamula hata mmoja. Wala mkama, wala mtwazi. Mimi ndiye niliyeng'oa, tena kwa kutumia jina la serikali, kwa sababu nilijua kwetu neno hilo halijibiwi.

Ilikuwa kumi na minne, kama unavyosema. Wa kwanza chini ya msambya mkubwa, wa saba pembeni ya lile jiwe tulilokuwa tunanolea visu, wa mwisho hatua tatu kutoka kijitoni. Ningeweza kuichora nikiwa nimefumba macho.

Barazani siwezi kuja. Nikisema haya mbele ya watu, kazi imekwisha. Nisamehe, dada. Fanya utakaloweza.

Byarugaba

Muleba, 18 Julai 1954

Kwa Byarugaba,

Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikapika, kwa sababu watu lazima wale. Mama sikumwambia neno. Nilivaa gauni la kanisani nikaenda barazani tarehe kumi na mbili.

Mzee Karugendo aliniuliza kama nimekuja na ushahidi. Nikamwambia ninayo karatasi. Rweyemamu akauliza karatasi ya nani, nikasema ya bwana shamba wa serikali, iliyotiwa sahihi na mkono wake.

Nilitaka wasome pale tu palipohusu milamula. Karani wa baraza akakataa. Alisema waraka hausomwi nusu, isije ikawa nimeficha kitu. Kwa hiyo alisoma yote, Byarugaba, kwanza kwa Kiswahili na halafu kwa Kihaya: choo kilichobomoka, Jovitha aliyenuna, mlango uliofungwa kwa nje, baiskeli. Watu walicheka mpaka alipofika pale pa baba. Hapo hakuna aliyecheka.

Wazee wakaenda tena shambani na barua yako mkononi. Wakalikuta jiwe la kunolea visu mahali ulipolitaja. Immakulata, ambaye alikuwa amekumbuka kidogo sana mwezi wa Mei, akasema kwa sauti, "Waitu, wazee wangu, ni kweli, hapo ndipo nilipokuwa naanika." Baada yake wakakumbuka wengine wanne. Nadhani walipata moyo kuona mtu wa serikali naye amekiri kosa.

Shamba limebaki letu. Rweyemamu amesema atakata rufaa kwa mkama. Acha akate.

Najua nilichokufanyia. Uliniandikia siri ya moyo wako nami nikaisomesha mbele ya watu mia mbili. Ungeweza kuja kuisema mwenyewe, na sehemu ya choo ingebaki kwenu. Hukuja. Nilikuomba karatasi tangu Februari, nawe mwisho ukaileta, nikaitumia.

Alistidia

Rwamishenye, 5 Septemba 1954

Kwa dada Alistidia,

Hatujambo.

Habari ilifika ofisini kabla ya barua yako. Niliitwa, nikaulizwa kama ni kweli, nikasema ni kweli. Baiskeli nimerudisha. Jovitha na watoto watakaa hapa kwa sasa. Mimi naenda Goziba na mashua ya Muharami, mwana wa Bi Sada, kumwandikia hesabu za samaki wakavu. Nimekuwa nikifundisha watu kilimo miaka tisa, sasa nakwenda kisiwani kusikopandwa kitu.

Nimekukasirikia sana, dada. Mpaka choo! Watu wa Bukoba wananisalimia wakiuliza kama kimejengwa. Lakini usingizi nalala. Tangu baba afe sikuwa nalala namna hii.

Mama anajua?

Byarugaba

Muleba, 28 Novemba 1954

Kwa mdogo wangu Byarugaba, Goziba,

Barua hii imekufuata kwa lori, kisha kwa mashua, kwa hiyo ukiipata ikiwa inanuka samaki usinilaumu. Tu wazima. Senene wameshuka kwa wingi, mama amekaanga mpaka nyumba nzima inanukia. Nimekuwekea kopo moja. Goti lake ni lilelile, sasa anataka ile dawa, lakini mbuzi aliimaliza.

Kahawa bei inashuka. Ushirika wanasema Wamarekani wamechoka na bei, wameanza kunywa kidogo. Watu wa mtwazi hawajaonekana tangu Septemba, na rufaa yake mkama hajaiona. Fikiria, Byarugaba: tumefika barazani, umepoteza kazi, nami nimegombana na nusu ya kijiji, kwa kitu ambacho kimepanda na kushuka kabla mikahawa haijachanua mara mbili. Kesho watapatwa na baridi tena huko, na Rweyemamu ataamka tena. Lakini safari hii atakuta mpaka.

Uliuliza kama mama anajua. Nilimwambia juma lililopita, kwa sababu Immakulata angemwambia. Nilidhani ataanguka. Aliendelea kunyonyoa senene mabawa. Akasema, "Baba yenu alijua siku ile ile." Nikamuuliza alijuaje, hajui Kiingereza. Akasema, "Aliigeuza karatasi, akaona nyuma kuna picha ya meza ya kuanikia kahawa. Aliniambia jikoni: karatasi hii haisemi habari za mlamula. Lakini mtoto amevaa kofia na jirani wote wanatazama. Nimwaibishe mlangoni pangu?"

Basi akachukua jembe. Siku mbili alichimba akijua, wewe umemsimamia.

Nimekuandikia haya kwa sababu sitaki tena katika ukoo huu mtu anayejua halafu ananyamaza. Lia ukimaliza kusoma, mimi nimeshalia. Halafu uje. Baraza liliamuru milamula ipandwe upya na yule aliyeing'oa, na kwa kuwa baba hayupo, Mzee Karugendo amesema ni wewe. Mama amekata vipande kwa Immakulata, vimeegemea ukuta, vimeshaanza kuchipua. Mashimo kumi na manne nimeyachimba mwenyewe, kuanzia kwenye msambya, yamepinda palepale alipoyapinda babu.

Kahawa ya kutafuna iko ndani ya kopo la senene, nimeifunga kwa jani la mgomba ili Saburi asiione.

Kamba usije nayo.

Dada yako,
Alistidia